Makosa ya Msahihishaji

Jina lake la cheti tuliache. Tangu akiwa darasa la pili aliitwa Koma, na aliyempa jina hilo ni baba yake mzazi, mtu aliyekuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na mmoja. Mtoto alileta nyumbani insha yake ya kwanza, sentensi saba tu, na ndani yake mikato ishirini na mitatu. Baba akaihesabu yote. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Huyu si mwanafunzi," akasema, "huyu ni koma yenye miguu." Shida ya jina hilo ikamwangukia mama. Kila alipomkemea mtoto asichezee maji ya kunywa, akamwambia "Koma!", mtoto aliitika, "Naam, mama," akaendelea kuyachezea.

Koma akakua, akawa mwandishi wa kujitegemea, maana yake, kama alivyopenda kusema mjomba wake, ni mtu asiye na bosi wa kumfukuza wala ofisi ya kufukuziwa. Akaoa muuguzi. Muuguzi alipopata kazi katika hospitali ya nchi nyingine, Koma akafunga kompyuta yake, mashati yake na vitabu kumi na vinne, akamfuata. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na mama yake alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

Walipanga vyumba viwili orofa ya tatu. Dirisha la jikoni lilitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba ungeweza kumpa jirani chumvi kwa mkono. Mke alitoka saa kumi na mbili asubuhi, akarudi jioni miguu imevimba, akaitumbukiza kwenye beseni kabla hata ya kusema neno. Koma hakuruhusiwa kuajiriwa mpaka karatasi zake zitoke uhamiaji, na pasi yake ya kusafiria ilikuwa huko huko, ndani ya faili. Kuandikia magazeti ya nyumbani hakuna aliyemkataza. Basi siku zake zikawa meza, kitabu na jiko.

Meza na kitabu alivijua. Jiko ndilo lilikuwa geni. Mama yake hakuvumilia mtu jikoni kwake. Ukinusa sufuria tu, mwiko umeshakupata begani. Na baada ya mama alikuja mke ambaye alipika haraka kuliko mtu anavyoweza kujitolea kusaidia. Wiki ya pili ya ugeni, Koma aliinjika maharage, akaketi asome kidogo. Alipofika ukurasa wa arobaini moshi ulikuwa umeshafika ngazini. Mlango ukagongwa. Alikuwa mama wa orofa ya chini, fundi cherehani aitwaye Mama Pacha, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Kaka, nyumba inaungua au unapika?"

"Napika, dada."

"Aa. Pole."

Akaingia bila kukaribishwa, akafunua sufuria, akaitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa kuletwa.

"Haya maharage uliyaloweka?"

"Niyaloweke wapi?"

"Mgeni wewe?"

"Wiki ya pili."

"Mimi mwaka wa kumi na nne. Kaa chini. Kwanza funga hicho kitabu."

Ndipo masomo yalipoanza. Alimfundisha kuloweka, kuosha, kuchelewesha chumvi. Alimfundisha kukaanga kitunguu kwa moto mdogo mpaka kilegee chenyewe, bila kukikimbiza. Na alimwekea sheria moja: kitabu kinasomwa wakati wa kuchemsha, hakisomwi wakati wa kukaanga. Koma aliishika, ingawa si kila siku. Vitabu alivyoazima maktaba vilirudi na madoa. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa akivifungua na kuvinusa mbele yake.

"Hiki ni kitunguu saumu?"

"Samahani, mama."

"Ukurasa wa mia na kumi. Angalau najua ulifika."

Kutokana na madoa hayo alipata wazo la safu. Alimwandikia mhariri wa gazeti moja la nyumbani, akamwambia atakuwa anaandika kila Jumamosi juu ya sufuria aliyoiinjika na kitabu alichokuwa anakisoma ilipokuwa inachemka. Mhariri akakubali kwa majaribio. Majaribio yakapendwa. Watu wakaandika barua kwamba mwandishi huyu anawachekesha, kwamba wake zao wamewakatia ukurasa wakawabandikia jikoni.

Lakini kabla ya mhariri kulikuwa na msomaji mwingine aliyeiona safu kwanza. Jumanne Koma alituma maandishi kwa Dada, dada yake mkubwa, karani wa chuo, aliyekuwa akiishi na baba yao tangu mama alipofariki. Dada aliyachapa kazini akampelekea mzee. Mzee alikaa nayo siku nzima na kalamu nyekundu. Alhamisi saa nne asubuhi simu ya Koma ililia.

"Umekaa?"

"Nimekaa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Aya ya kwanza. Umeandika 'kwahiyo'. Hayo ni maneno mawili. Hayajafunga ndoa, yatenganishe."

"Sawa, baba."

"Aya ya tatu umeanza na 'ingawa', kisha katikati umeniletea 'lakini'. Mtu havai kofia mbili."

"Sawa, baba."

"Na hii nyanya 'nyekundu sana' ya nini? Nyanya iliyoiva inakuwa nyekundu kidogo?"

"Nimeelewa."

"Mwisho umekaa vizuri. Mkeo hajambo?"

Maneno hayo matatu, mwisho umekaa vizuri, Koma aliyathamini kuliko barua zote za wasomaji. Kwenye mji ule hapakuwa na mtu aliyejua kwamba yeye ni nani. Aliyekuwa naye kwenye foleni ya mkate alimwona mtu wa foleni ya mkate. Alhamisi saa nne, kwa dakika ishirini, alikuwa mtoto wa mtu, tena mtoto anayefuatiliwa neno kwa neno. Jumatano hakuweza kufanya lolote la maana kwa kuingoja.

Mwezi wa tano wa safu hiyo mzee alifika aya ya pili, akasema, "Hapa umeandika 'kijiko kikaanguka'. Sahihisha. 'Kijiko likaanguka.'"

Koma akacheka. Alidhani mzee anamtania. Upande wa pili hakukuwa na kicheko.

"Likaanguka, baba?"

"Likaanguka. Andika."

"Baba, si ni ki-vi..."

"Unanifundisha mimi ngeli?"

Koma alitazama dirisha, na ule ukuta. "Hapana, baba," akasema. Kwa mhariri akatuma kijiko kikaanguka, akasahau. Mtu huchoka, na mzee alikuwa na miaka sabini na sita.

Wiki iliyofuata mzee aliunganisha maneno ambayo maisha yake yote aliyatenganisha. Akakata aya nzima ya Mama Pacha, akasema, "Huyu mwanamke simjui, ametoka wapi?" ilhali alikuwa amemsoma na kumcheka miezi mitatu. Wiki ya tatu akasema, "Mwisho haujakaa. Ongeza sentensi moja. Andika kwamba mama yako ameonja, amesema chumvi imezidi."

Koma aliona mkono wake umeacha kuandika.

"Mama yupi, baba?"

"Una mama wangapi? Yuko hapo jikoni."

Na kweli, nyuma ya sauti ya mzee, jikoni kwao, vyombo vilisikika vikigongana. Alikuwa Dada anaosha.

Akampigia Dada mchana, kazini kwake. "Tangu lini?"

Dada hakuuliza nini. "Tangu kabla hujaondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanda ndege?"

Koma akavuta kiti, akaketi.

"Daktari ameshamwona," Dada akaendelea. "Ni akili inachakaa. Hakuna dawa ya kuirudisha. Zipo siku anaamka mzima, anasoma gazeti lote, ananiuliza habari za kazi. Zipo siku hajui choo kiko wapi. Wiki nzima kitu anachokingoja ni karatasi zako. Mwache asahihishe."

"Akisahihisha vibaya?"

"Mwitikie. Unapungukiwa nini?"

Wakakubaliana. Koma ataitikia kila kitu, kisha atamtumia mhariri ile aliyoiandika yeye. Dada naye hataleta tena gazeti la Jumamosi nyumbani. Atasema muuzaji ameishiwa. Kwenye kompyuta ya Koma kukawa na mafaili mawili ya kila safu, moja limeitwa Ya Gazeti, moja Ya Baba.

Wiki kumi na moja zikapita hivyo. Alhamisi saa nne, umekaa, nimekaa, sawa baba, sawa baba. Safu yenyewe ikazidi kupendwa. Koma alijifunza kupika wali ukatengana punje kwa punje, alijifunza supu ya viazi, na mke wake akaanza kurudi nyumbani akinusa ngazini na kutabasamu kabla ya kuvua viatu. Jioni alimsomea kitabu miguu yake ikiwa kwenye beseni. Mke hakuwahi kufika ukurasa wa tatu. Alisinzia, na Koma akaendelea kusoma kwa sauti ya chini ili asimwamshe kwa kunyamaza. Ukimtazama ungesema ni mtu aliyetulia. Aliiambia nafsi yake kwamba anachomfanyia baba ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Ila pia ilikuwa rahisi. Hilo nalo alilijua, kama unavyojua kwamba bomba la maji linachuruzika ukaamua kulala tu.

Kilichotokea kilitokea kwa kinyozi. Kinyozi wa pembeni mwa nyumba ya baba alimnyoa mzee tangu nywele zikiwa nyeusi. Jumamosi moja Dada alimwacha pale nusu saa aende sokoni. Kinyozi, kwa kutaka kumheshimu mteja wake, akazima mashine, akachukua gazeti. "Mzee, ngoja nikusomee mwanao." Akasoma safu nzima kwa sauti, na watu wawili waliokuwa kwenye benchi wakicheka panapochekesha. Mzee alisikiliza kitambaa kikiwa shingoni. Kinyozi alipolikunja gazeti, mzee akasema, "Endelea."

"Imeishia hapo, mzee."

"Haijaishia. Iko wapi sentensi yangu ya mwisho?"

"Imeishia, mzee wangu, angalia mwenyewe."

Mzee akaliomba gazeti, akatoka nalo upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Akaomba na mengine ya miezi mitatu minne ya nyuma. Kinyozi huyatunza ya kufutia vioo. Nyumbani akatoa karatasi zote alizowahi kusahihisha, maana hakutupa hata moja, akakaa nazo mezani tangu saa sita mpaka jua linashuka, mstari kwa mstari, kidole hapa, kidole pale. "Kwa bahati mbaya," Dada alikuja kumwambia Koma, "siku hiyo alikuwa mzima kabisa."

Akapiga simu Jumapili mchana. Koma alikuwa anamenya viazi.

"Koma."

"Naam, baba. Shikamoo."

Mzee hakuipokea shikamoo. "Nimehesabu. Masahihisho themanini na sita. Umetumia tisa."

Koma akaweka kisu mezani.

"Hayo tisa ndiyo yaliyokuwa sahihi?"

"Ndiyo, baba."

"Sabini na saba yaliyobaki ni makosa yangu."

"Si makosa yote, baba, mengine ni..."

"Usianze tena."

Koma alisikia karatasi zikisogezwa.

"Nimekusahihisha tangu una miaka minane," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Sikukuficha kosa hata moja. Mama yako alikuwa ananiambia mwachie mtoto, mimi nikasema huyu ni mtu wa kusikia, ataambiwa. Wewe umenifichia yangu. Umenipa sufuria tupu nikoroge, mnapeana macho na dada yako."

"Nisamehe, baba. Sikutaka uumie."

"Msahihishaji akikosea anaambiwa. Hiyo ndiyo heshima yake, hana nyingine. Usinitumie tena." Simu ikakatwa.

Jumatatu Koma alikuwa mtu wa kwanza kwenye foleni ya uhamiaji. Karani, mwanamke mpole mwenye mafua, alimweleza kwa utaratibu: pasi ipo ndani ya faili, akitaka kuitoa anaweza, ila ombi linakufa, na kurudi nchini si jambo la kuahidi. "Ni mgonjwa sana?" karani akauliza. Koma akatafuta neno. "Ananijua bado," akasema.

Mke wake alisema nenda. "Tutaanza upya. Kwani tulizaliwa na hizo karatasi?" Koma alimtazama, akatazama na miguu iliyomo kwenye beseni. Kuanza upya maana yake ni miguu ile kuibeba nyumba mwaka mwingine peke yake. "Tungoje wiki chache," akasema. "Zitatoka tu." Neno hilo tungoje lilimrudia baadaye mara nyingi, akiwa barabarani, akiwa anaosha vyombo. Hakupata mtu wa kumlaumu kwalo isipokuwa aliyelitamka.

Kitu alichoweza kukifanya ni kile ambacho baba alikuwa amekidai. Akakaa mezani, akaandika barua. Alichukua masahihisho yale sabini na saba, moja moja, akaeleza kila moja limekosea wapi, kwa lugha ile ile ya Alhamisi, bila kulainisha. Hapa umekosea, baba, kijiko ni ki-vi. Hapa umekosea, baba, huyu mama unamjua, ndiye aliyenifundisha kuloweka. Alipofika kwenye ile sentensi ya chumvi, aliinuka, akaenda akasimama kwenye ngazi, akarudi. Akaandika: Hapa umekosea, baba. Mama ametutoka mwaka wa saba sasa. Natamani ungekuwa hukukosea. Mwishoni akamwomba aisahihishe barua yenyewe, maana ameiandika haraka na hajiamini. Ilimchukua siku nne, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa mchuzi uliungua, Mama Pacha akapanda ngazi na harufu, akauona uso wake, akaondoa sufuria akashuka nayo kimya kimya.

Akaituma kwa Dada. Akangoja siku mbili, akapiga.

"Umemsomea?"

"Nimemsomea."

"Amesemaje?"

Dada alivuta pumzi. "Alinyamaza. Halafu akasema sawa."

Jioni ile Koma alikula sahani mbili.

Wiki mbili baadaye Dada akampigia, akasema mzee ameamka anazungumza, ngoja nimpe. Simu ikakwaruzwa kwenye kitambaa, kisha ikatokea ile sauti.

"Nani?"

"Mimi, baba. Shikamoo. Ni Koma."

"Koma ni mtoto mdogo. Yuko shule."

Koma akaketi kwenye kiti cha jikoni. "Ametoka shule, baba."

"Wewe ni nani?"

"Mimi... ni mwandishi."

"Wa wapi?"

"Naandikia gazeti la Jumamosi."

"Aa." Mzee akafikiri kidogo, na ukawa kama ule wakati wa zamani alipokuwa akigeuza ukurasa. "Unaandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Tafuta mtu wa kukusahihisha," mzee akasema kwa upole, kama unavyomshauri kijana wa watu. "Mtu hayaoni makosa yake. Hata awe nani."

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya mwisho.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, Koma anaosha mchele, simu ikaita saa ambayo Dada hakuwa na kawaida ya kupiga. "Mdogo wangu," Dada akasema, "mzee ametuacha. Alikuwa amelala. Hakuhangaika." Koma akasema ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeandika maagizo. Kisha akashuka ngazi peku, mikono inadondosha maji. Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani. Alimtazama mara moja tu, akaacha nguo ya mtu chini ya sindano, akamshika mkono wakapanda. Mchele uliooshwa akaupika yeye. Mke alirudi kutoka hospitali katikati ya zamu akiwa na sare, akamkuta mumewe anakula wali mweupe mtupu kwa kijiko kikubwa cha kupakulia, analia na kutafuna, kwa sababu Mama Pacha amemwambia ale.

Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana, naye akahudhuria kwenye simu. Kinyozi ndiye aliyejitolea kuishika. Alikuwa analia, anajifuta kwa mkono ule ule wa simu, kwa hiyo Koma aliona zaidi shati la kinyozi kuliko kaburi. Alisikia majembe. Alisikia mtu akiuliza mbona mwana wa kiume hayupo, na sauti ya Dada, kavu, ikimjibu, "Yupo. Yule pale, kwenye simu."

Mhariri alimwomba aandike tanzia. Maneno mia nne. Koma aliyasoma mara tisa, akayasoma kinyumenyume kuanzia neno la mwisho, kama alivyofundishwa, ili macho yasidanganywe na maana. Hapakuwa na kosa. Gazeti lilipotoka, mtu wa kupanga kurasa alikuwa ameweka kichwa cha habari mwenyewe, kwa herufi kubwa: BURIANI MSAHIHAJI WETU. Koma alipoiona picha ya ukurasa huo aliyotumiwa na Dada, alicheka. Alicheka mpaka mke akatoka bafuni na sabuni masikioni kuuliza kuna nini, akamwonyesha, naye akacheka, wakashikana. Kisha mmoja wao akawa hacheki tena, na mwingine akalijua hilo, wakakaa chini sakafuni pale pale.

Karatasi zilitoka siku ya thelathini na nane baada ya mazishi. Karani mwenye mafua alimkabidhi pasi kwa mikono miwili. "Sasa unaweza kwenda kumwona," akasema. Hakujua. Koma akamshukuru.

Akaenda. Dada alimpokea mlangoni amekonda, nywele zimeingia mvi ambazo kwenye simu hazikuonekana. Walizuru kaburi, wakagawa mashati, wakapokea watu. Siku ya nne Dada alimwambia achukue cheti cha kifo kwenye mkoba wake wa kazini, ili wakapeleke nakala ofisi ya pensheni. Koma akafungua mkoba. Chini ya cheti ilikuwepo bahasha ya kaki ya chuo, imefungwa kwa gundi ya karatasi, na juu yake mwandiko wa Dada: Ya Baba. Akaipasua. Kurasa kumi na moja. Barua yake, haijakunjuliwa hata mara moja.

Dada alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Ulisema ulimsomea."

Kisu hakikusimama. "Nilisema."

"Dada."

"Wiki ile alikuwa analia kwa sababu hajui kufunga vifungo vya shati. Baba yangu, mtu mzima, analia mbele ya kifungo. Nimkalishe nimsomee makosa sabini na saba?"

"Ndicho alichokitaka! Alisema mwenyewe, akikosea aambiwe."

"Alisema siku aliyokuwa mzima. Wewe ulizungumza na yule wa Jumapili moja. Mimi nimeishi nyumba moja na wa siku zote." Akageuka, kisu mkononi. "Nilimvua, nilimwogesha, niliitwa mama, niliitwa mwizi. Wewe uliniambia nimsomee."

"Na mimi? Mimi nami nilikuwa wa kufichwa?"

"Ulikuwa peke yako huko. Nilitaka ulale."

Koma alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kwamba alikula sahani mbili siku ile, kwamba alijiona amesamehewa, kwamba msamaha wenyewe sasa umegeuka ni neno la Dada tu, sawa, alilolitoa kichwani mwake. Lakini kila sentensi aliyoianza moyoni ilimpeleka kwenye yale mafaili mawili, naye akaiacha njiani. Alitoka nje akazunguka nyumba. Hawakusemezana mpaka kesho yake. Viazi viliiva, vikapoa, vikamwagwa.

Akakaa siku kumi na moja. Hawakuombana radhi. Ila asubuhi ya siku ya saba Dada aliamka akakuta kitunguu kinalegea kwenye moto mdogo, maharage yamelowekwa tangu jana, na mdogo wake amefunga kanga ya mama kiunoni, kitabu kiko mbali, juu ya kabati. Akasimama mlangoni.

"Nani amekufundisha wewe kupika?"

"Fundi cherehani."

Dada akavuta kiti. Akala, akaongeza, akasema hajapikiwa na mtu tangu mama afariki. Halafu akajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatikisika, na Koma akazima jiko ili asikie vizuri.

Koma alirudi kwa mkewe. Safu aliiandika mara tatu zaidi, akamwambia mhariri inatosha, na mhariri hakumshurutisha. Kwa kuwa sasa aliruhusiwa kuajiriwa, alipata kazi jikoni hospitalini pale pale kwa mke wake, kupikia wagonjwa uji na supu tangu alfajiri mpaka saa saba. Wapo wazee kule ambao husahau kwamba wamekula, wakaomba tena, na wahudumu wengine huwaambia chakula kimekwisha. Koma huwaambia, "Umeshakula, mzee wangu, ulikula supu," kisha anawaongezea.

Mchana anaandika makala, kwa gazeti lolote litakalomwomba. Anazituma moja kwa moja, hazipiti kwa mtu. Makosa hupenya. Wasomaji wengine humwandikia kulalamika, mmoja kwa ukali kabisa, mwalimu mstaafu, aliyemwuliza kama kuna anayemlipa kuiharibu lugha ya watu. Koma alimjibu siku ile ile. Alimshukuru, akakiri kosa, akamwomba, kama hatakuwa na shughuli nyingi, aendelee kumwandikia.